Kle za Nusu

"Wakaaji wote wa Kolwezi, wa Manika na wa Dilala, wanafahamishwa kwamba Komite ya Kuhakiki Asili imemaliza kazi ya watu kamili. Kuanzia leo Jumatatu itahakiki nusu, ziwe za watu au za vyuma. Kitu au mtu wa nusu si kamili. Kisicho kamili kitapanda treni ya Ijumaa."

Hiyo ilikuwa Komunike ya Tatu. Niliibandika mi mwenyewe, saa mbili asubuhi, kwenye mlango wa chuma wa biro yetu, ofisi ya Komite, kwa gundi niliyoipika kwa unga wa muhogo. Nasema biro yetu kwa sababu nilikuwa mtumishi wa Komite. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kuchemsha chai na kunyamaza. Nilisoma mpaka darasa la sita tu, lakini kunyamaza nilikujua kuliko wenye diploma, na Prezida wa Komite, Kisimba, alinisifu mara mbili mbele ya watu.

Mwaka ule wa 1993 mgodi ulikuwa unakufa polepole. Mashine zilisimama moja moja, na wakubwa walikuwa wamekwisha kugundua sababu: ni watu wa Kasai. Babu zao waliletwa hapa kufanya kazi, na wajukuu sasa waliambiwa warudi kwao, hata wale ambao hawajawahi kufika huko kwao. Walikaa gare, pale stesheni, na magodoro na masufuria yao, wakingoja treni. Komite yetu iliandika orodha. Kazi safi kabisa: wa Kasai, gare; wa hapa, nyumbani.

Shida ilikuwa nusu. Watu kama mi. Mama yangu, Mama Mbuyu, ni wa hapahapa. Marehemu baba yangu Muamba alikuwa wa Kasai. Kwenye orodha ya Ijumaa jina langu lilikuwa la kumi na nne. Jina la mama halikuwepo. Niliisoma orodha, nikaona mwandiko ni mzuri, nikaibandika chini ya komunike, sawasawa, bila kukunja pembe.

Mama haoni tena vizuri. Aliniuliza, "Mignonne, ukienda, nani atanishika mukono asubuhi?"

Nilimwambia swali lake halijapitia kwa sekretere.

Siku hiyohiyo Komite ilianza na vyuma. Tata Omer, sekretere, alileta sanduku alilolikamata gare kwa Tata Kankolongo, fundi wa vyombo vidogo: mizani, saa za kupimia mvuke, mikono ya milango. Nilifagia karakana yake miaka minne kabla ya Komite, na nilimpa kle mkononi alipokuwa amelala chini ya mashine. Zilikuwa kle za alene, vijiti vya chuma vyenye pembe sita, vimekunjwa kama goti, vya kukazia visi, yaani skrubu. Ya kwanza ni nyembamba kama sindano ya kufuma.

Prezida Kisimba aliishika moja kwa ncha za vidole.

"Hii imeandikwa nini?"

Omer alivaa miwani. "Mbili na nusu, Prezida. Milimetre."

"Nusu?"

"Nusu."

"Unaona! Beko bamejificha mpaka ndani ya sanduku ya kazi!" Aliweka kle mezani, mbali na kikombe chake. "Mbili, nakubali. Tatu, nakubali. Lakini mbili na nusu aiko kwa mbili, aiko kwa tatu. Kitu ya namna ile inatafuta nini hapa?"

Nilikuwa namimina chai. "Inatafuta visi yake, Tata Prezida."

Walicheka sana. Omer aliandika kwamba mtumishi alitoa mchango.

Uamuzi ulipita bila kura ya kupinga. Kle ya mbili, ya tatu na ya nne zilitangazwa kuwa mali ya nchi, zikabaki biro. Ya moja na nusu na ya mbili na nusu zilirudishwa gare kwa Tata Kankolongo, zipande naye treni; kitu cha nusu kikifika gare, Omer aliandika, hakirudi mjini. Na ili kazi isisimame, Omer alitoa sanduku lake mwenyewe, jekundu, linang'aa, lililomjia wakati wa uporaji wa miaka miwili nyuma. Hakuna aliyejua lilitoka wapi, kwa hiyo asili yake haikuwa na dosari.

"Hizi ni za inchi," alisema Omer. "Angalia hii, Prezida. Tatu juu ya makumi tatu na mbili. Aiko nusu. Ni namba mbili kamili, moya imekaa juu ya ingine."

"Ile njo kle ya kweli," alisema Prezida.

Waliamua kuijaribu palepale, kwenye mlango wetu, maana mikono yake ilikuwa imelegea. Kila mkono una visi moja shingoni, ndogo, isiyo na kichwa, imejificha ndani ya tundu. Hiyo ndiyo inayoukamatisha mkono na chuma cha ndani. Ni visi ya mbili na nusu. Nilijua, lakini hapakuwa na kipengele cha kujua kwenye ajenda.

Tata Kankolongo alinifundisha hivi: kwanza toa uchafu tunduni kwa sindano. Ingiza kle mpaka chini kabisa. Itingishe. "Ikicheza hata kidogo, aiko yake, hata kama weye ni mukubwa wa namna gani." Isipocheza, shika mkono mrefu kwa vidole viwili, zungusha, usikilize.

Kle ya Omer ilicheza kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba. Alizungusha kwa bega lote. Visi ya nje ililia kra. Akaingia ndani, na ya ndani ikalia kra.

"Imekamata," alisema.

Kwenye ripoti waliandika: imekamata. Kisha Prezida akaniambia niwaletee birika la pili, nitoke, na mlango ufungwe, kwa sababu wanakwenda kupongezana na mambo hayo ni ya siri.

Haikupita nusu saa. Mkono wa mlango ulianza kuzunguka kutoka ndani, mara moja, mara tatu, mara kumi.

"Mignonne! Fungua!"

Nilishika wa nje. Ulizunguka mkononi mwangu kama mwiko ndani ya sufuria tupu. Mlango haukusogea. Dirisha lilikuwa na vyuma tangu uporaji.

Nje palikuwa na foleni ya watu wa nusu, wamekuja kuuliza juu ya majina yao. Wa mbele alikuwa Mama Tshibola, muuza samaki wakavu: baba wa Kasai, mdomo wa Kolwezi.

"Ita mutu wa kusude vyuma, ule wa moto!" alipiga kelele Prezida. "Akate mulango!"

"Yuko gare, Tata. Wa tisa kwa orodha ya watu kamili."

"Basi leta kle yenye inaingia!"

"Inayoingia ni mbili na nusu, Tata Prezida. Nayo iko gare. Inangoja treni."

Halafu sauti ya Omer, ndogo: "Enda uilete."

"Kitu cha nusu kikipelekwa gare hakirudi mjini, Tata Omer. Wewe ndiye uliyeandika. Na mi pia ni nusu. Nikienda gare, nitarudi na ruhusa gani?"

Mama Tshibola alijishika kiuno. "Mubaache bakae! Si banatuambia kila siku tungoje? Ee Prezida, ungoje na weye, ni muzuri kwa afya!"

Foleni ilicheka. Ndani hawakucheka. Walikuwa wamekunywa chai tangu asubuhi, mabirika mawili, na choo kiko nyuma ya jengo.

"Mignonne, mwanangu," alisema Prezida, mdomo wake karibu na tundu la ufunguo. "Ile chai…"

"Ilikuwa na sukari kidogo, Tata?"

"Mwanangu. Unataka nini?"

"Mi sitaki kitu, Tata. Ni komunike ndiyo inakataza. Ingine ingeweza kuruhusu."

Niliisikia kalamu. Karatasi ilipita chini ya mlango: *Kle ya mbili na nusu ni kamili.* Niliisoma polepole, kwa kidole, kama tulivyofundishwa. Nikairudisha.

"Ina upungufu, Tata. Ya Tatu ilisema kitu au mtu. Hii imesahau mtu. Sasa kle ina ruhusa ya kurudi, na mi sina. Itarudi kwa miguu yake?"

Karatasi ilikwenda, ikarudi. Safari hii walimtaja mtu, lakini wamesahau mhuri. Ikaenda tena. Mara ya tatu ilitoka imekamilika: *Komunike ya Nne. Nusu yote, ya kitu au ya mtu, ni kamili na inabaki. Orodha ya Ijumaa ya watu wa nusu imefutwa. Sanduku la fundi Kankolongo lirudishwe lote.* Mhuri. Sahihi mbili. Nilimpa Mama Tshibola, naye akaisomea foleni kwa sauti ya sokoni, mara mbili, ili pasiwe na mtu wa kusema hakusikia.

Kisha nilikwenda gare. Sikukimbia. Kukimbia kungeonekana kama kuharakisha wakubwa.

Tata Kankolongo alikuwa amekaa juu ya godoro lake. Nilimweleza.

"Pembe za tundu zimekwisha?"

"Zimekwisha, Tata."

Alichukua tupa, akakata ncha iliyochakaa ya kle ya mbili na nusu mpaka pembe sita zikawa kali tena. "Banaua za juu tu," alisema. "Chini abakufika, sababu ya haraka. Weye shuka mpaka chini kabisa. Bila nguvu, mama."

Nilirudi. Nilitoa uchafu kwa sindano. Upande wa ndani walisikia sindano ikikwaruza, wakaanza kuomba kwa majina ya watakatifu. Niliingiza kle mpaka chini, nikaitingisha. Haikucheza. Vidole viwili. Nikasikiliza. Nikashusha mkono wa mlango, ukafunguka.

Prezida alitoka bila kusalimia, Omer nyuma yake, wakaenda nyuma ya jengo kwa kufuata vyeo.

Ijumaa treni iliondoka. Tata Kankolongo alipanda, maana yeye alikuwa mtu kamili, na komunike ya watu kamili haikuwa na mlango wa kukwama. Sanduku lake lilikuwa magotini, na ndani yake nafasi moja tupu. Ile ya mbili na nusu aliniachia. Nilirudi nyumbani nikamshika mama mkono.

Visi iliyoharibika haikamati siku nyingi. Inalegea kila wiki, na hakuna mwingine anayeijua. Kwa hiyo kila ikilegea, asubuhi Prezida Kisimba anafika, anasimama mbele ya mlango wake, anavua kofia, ananiambia:

"Mama Mignonne, tunaweza kuingia?"

Naingiza kle. Natingisha. Nasikiliza.

"Bado, Tata."

Na Mama Tshibola, akiwa amefika mapema, anasogeza beseni lake la samaki ili Prezida apate pa kusimama, nyuma yake.