Fursa Hii Ina Kilo Ngapi?

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo cha Udaktari,

YAH: KUTOZWA FURSA AMBAYO HAIJAPIMWA

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza. Natumaini u mzima, ingawa kwa mtu anayeshinda katikati ya madaktari sioni kisingizio cha kuugua.

Mimi ni mwenye bucha. Nilianza na kisu cha kuazima. Leo nina majokofu mawili na mizani isiyowahi kulalamikiwa. Wateja huniita Mzee Gramu. Binti yangu amepata nafasi chuoni kwenu, na amepata pia chuo cha serikali, kile cha nyuma ya hospitali ya wilaya. Kwenu ada ni milioni kumi na nane kwa mwaka, kule ni sita. Kwa miaka sita tofauti ni milioni sabini na mbili, yaani ng'ombe sitini wazima, na pembe zao. Kabla sijachagua, nina malalamiko yafuatayo:

1. Kipeperushi chenu kinataja neno "fursa" mara kumi na moja, na ada mara moja tu, tena kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Kwangu mteja akitaka ini, naliweka kwenye mizani analiona. Naomba na hiyo fursa iwekwe kwenye mizani. Shemeji yangu, karani wa benki ambaye hata viatu vyake ni vya mkopo, ananiambia rahisi ghali. Nimemjibu kwamba ghali nayo ni ghali.

2. Mwaka wa kwanza mnafundisha jinsi mwili ulivyopangwa. Binti yangu amekulia nyuma ya kaunta yangu. Bandama anaijua tangu hajui kufunga viatu. Naomba alipie tofauti tu kati ya ng'ombe na mtu, ambayo, kwa ninavyowajua wateja wangu, si kubwa.

3. Mtu ana figo mbili, mapafu mawili, macho mawili. Aliyesoma upande wa kushoto amekwisha kusoma wa kulia. Naomba nilipie upande mmoja. Halafu kuna mifupa. Katika bucha lolote la haki mifupa haina bei ya steki. Mwenye mfuko mwembamba hununua mchanganyiko, mfupa kidogo, nyama kidogo, na hulala ameshiba. Nyinyi mnauza mifupa mia mbili na sita, yote kwa bei ya steki.

4. Nyongeza. Anayenunua kilo tano kwangu namkatia kipande juu yake bila kuombwa. Itakuwaje ninunue miaka sita nitoke mikono mitupu? Naomba mwaka wa sita uwe nyongeza. Kama haiwezekani, basi mama yake, ambaye hutibu mtaa mzima kwa maji ya chumvi, aruhusiwe kukaa nyuma ya darasa asikilize.

5. Nyama isiponunuliwa tunaila nyumbani. Daktari akikosa ajira, mnampokea mkamrudisha stoo, au ndiyo tumebaki naye?

Kwa hayo, naomba ada ishuke hadi milioni tisa. La sivyo, binti anakwenda kule nyuma ya hospitali. Sitanii. Chuo ni chuo, na sindano ni sindano.

Nisalimie walimu wote, wapishi wa bweni, mlinzi wa getini aliyeninyang'anya kisu changu cha kazi, na hata wale wa chumba cha maiti, maana nao wanafundisha bila mshahara.

Ndimi, mlipaji mtarajiwa,
Mzee Gramu,
Baba wa Mwombaji

Tanbihi: Barua hii nilimpa binti anisahihishie tahajia. Nilitegemea atalia, au atanuna kama watoto wa watu. Badala yake amesema, Baba, una haki. Akachukua kikokotoo changu, akaongeza hoja niliyoikosa: kwamba kule wagonjwa ni wengi na madaktari wachache, hivyo mwaka wa tatu mwanafunzi tayari anazalisha akina mama, wakati kwenu mwaka huo bado anazalisha sanamu la mpira. Fursa iko kule, anasema, tena kwa bei ya mchanganyiko. Ijumaa anapeleka fomu.

Mheshimiwa, malalamiko yote matano naomba uyafute. Mimi maisha yangu yote nimevaa cha kupunguziwa, nimelalia cha kupunguziwa. Mtoto wangu si mchanganyiko. Akiba nimeitoa, jokofu moja nimeliuza, na stakabadhi ya benki imo ndani ya bahasha hii: milioni kumi na nane za mwaka wa kwanza, na laki mbili juu yake, nyongeza. Mpigieni simu kabla ya Ijumaa. Na akiuliza bei, maana atauliza, mwambieni barua ya baba yake ilikuwa kali mno, mkalazimika kupunguza.