Mashine ya Kunusa Shaba

Mhandisi aliiona mashine ile imelala juu ya rundo la mabati yenye kutu, kwenye yadi ya muuza vyuma chakavu, akasimama kama mtu aliyeitwa kwa jina. Ilikuwa fimbo ndefu yenye sahani ya duara chini na kisanduku cha taa mbili juu.

"Hii ya nini?"

"Walikuwa wanatafutia mabomba yaliyofukiwa barabarani," alisema muuza vyuma. "Ikipita juu ya chuma au shaba, inalia. Wamepata mpya, hii wakaja kuitupa kwangu."

Akaiwasha, akaisogeza karibu na kiuno cha Mhandisi. Mashine ilipokutana na kifungo cha mkanda ikapiga ukelele wa mtoto aliyenyang'anywa pipi.

Mhandisi alishtuka. Katika miaka yake yote ya kuuza dawa za kuotesha nywele, mafuta ya kupunguza matumizi ya petroli na viwanja vilivyo katikati ya mto, hakuwahi hata siku moja kushika bidhaa inayofanya kazi. Alijiuliza kama ni halali kuiuza. Tufahamishane hapa kwamba uhandisi wake haukutoka chuo chochote. Watu walimpa jina hilo kwa jinsi alivyojua kuunganisha maneno.

Kufikia saa ya chai mpango ulikuwa umekamilika kichwani. Mteja pia alikuwa amepatikana: mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mzee mnene aliyeitwa Mzani, kwa sababu kilo ya misumari kutoka kwake ilikuwa kilo humo dukani tu. Ukifika nayo nyumbani, inakuwa imekonda. Mtu wa namna hiyo, Mhandisi aliwaza, kumwibia ni kumsaidia kutubu.

Fundi wa kuchomelea alimkatia vipande saba vya shaba kutoka kwenye mabomba mabovu, akavigonga sura ya mfalme asiyejulikana, mwenye pua kubwa. Mhandisi akavichemsha kwa chumvi na ndimu, akavilaza siku nne kwenye samadi. Vilipotoka vilikuwa na umri wa miaka mia tatu.

Lilibaki shamba. Alilipata pembeni mwa mji, la mkunga mmoja mstaafu, mama mzee mwenye miwani minene kama vitako vya chupa. Alikuwa anaishi peke yake katika nyumba safi yenye mabati mapya.

"Naomba kulikodi kwa wiki moja, mama. Nafanya utafiti."

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Udongo."

"Udongo?" Mkunga aligeuka akalitazama shamba lake kwa muda. "Basi una bahati. Umejaa tele."

Alfajiri iliyofuata Mhandisi alipanda sarafu zake saba, kila moja chini ya jiwe dogo la alama, akaondoka akipiga mluzi. Saa nne akarudi na Mzani, aliyekuwa amefunga duka kwa mara ya kwanza tangu arusi yake.

"Mimi si mtu wa kudanganywa kirahisi," Mzani alitangaza, akiinua suruali isiguse umande.

"Nani athubutu, mzee wangu? Ndiyo maana nikasema uje uone kwa macho yako."

Mashine ilitembezwa huku na huku. Ilinyamaza, ikanyamaza, halafu ikalia. Mhandisi akapiga magoti taratibu, kwa heshima ya mtu anayefungua kaburi, akafukua kwa kijiko. Mfalme mwenye pua akachungulia kutoka ardhini.

 Shingo ya Mzani ilianza kutoka jasho.

Walipofukua ya tatu, alikuwa ameshapiga magoti mwenyewe. Kwenye ya tano suruali ilikuwa tope tupu, na alikuwa amemsukuma Mhandisi pembeni kwa kiwiko.

"Mashine hii," alisema, akijifuta kwa tai, "unaiuza?"

"Kuuza? Mzee wangu, mtu anauza mkono wake?"

"Nina shamba ng'ambo ya mto. Hili ni kibanda cha kuku ukilinganisha. Taja bei."

Mhandisi alihema, akatazama mawingu, akataja jina la mama yake mgonjwa, ambaye alikuwa mzima kabisa na hakuwa akizungumza naye. Halafu akataja bei. Mzani akakubali haraka kiasi kwamba Mhandisi aliumia moyoni kwa kutotaja kubwa zaidi.

Wakakubaliana mzigo na fedha vikutane dukani jioni ile. Mzani akatangulia kwenye gari, akizisugua sarafu kwa leso. Mhandisi akamfuata nyuma, mashine begani, ila hakuwa ameizima. Alipoishusha kupumzika kando ya kichuguu, kwenye pembe ya shamba ambako hakuwa amepanda chochote, mashine ikapasua anga. Huko nyuma ilikuwa ikilia. Hapa ilinguruma, taa zote mbili zikawaka nyekundu na kukataa kuzimika.

"Nini hicho?" Mzani aliuliza kutoka garini.

"Betri!" Mhandisi alijibu, sauti ikamtoka nyembamba kama ya mwana kwaya. "Betri imechoka!"

Mchana huo huo alirudi peke yake. Akafukua kiasi cha kiganja, na kitu kikamwangukia mkononi: sarafu nzito, nyeupe, iliyolika kingo, yenye maandishi yasiyosomeka. Chini yake, ncha ya jembe ilikwaruza kitu kikubwa. Chuma. Sanduku!

 Mtu aliyekuwa amemwaminisha Mzani kwamba kuna hazina, leo hazina ilikuwa imemwambia yeye, na hakuwa na kinga yoyote dhidi ya maneno yake mwenyewe.

Akarudisha udongo, akaenda kumwona mkunga, aliyekuwa anachambua mchele barazani.

"Mama, ile pembe ya kichuguu, ungependa kuniuzia? Nataka nijenge kibanda. Nimeupenda upepo wake."

"Hapana, baba. Pale marehemu mume wangu alipapenda. Na kuna bwana mmoja mnene alipita hapa kwa gari, naye ameniulizia."

"Mnene? Ameuliza lini?"

"Leo leo. Amesema kesho anakuja na fedha."

Kijasho kikamtoka Mhandisi. Yule fisi alikuwa amesikia ngurumo! Akaanza kubembeleza. Alimwita mkunga mama, halafu mama mzazi, halafu malaika. Mkunga alitingisha kichwa, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na mwisho akasema kwa huzuni kwamba kwa kuwa kijana ana adabu, basi, lakini alete yote kabla ya jua kuzama.

Mhandisi alikimbia mjini. Akamkabidhi Mzani mashine bila hata kumaliza hotuba aliyoiandaa, akazipokea noti, akapitia kwake kuchukua na akiba iliyokuwa chini ya godoro, akarudi anahema. Vyote vikaingia kwenye mkoba wa mkunga, uliokuwa mkubwa wa kutosha. Karatasi ikasainiwa. Hakuisoma, kwa kuwa karatasi zake mwenyewe pia huwa hazifai kusomwa.

Alianza kuchimba asubuhi. Kufikia adhuhuri shimo lilimfika shingoni, na "sanduku" lilikuwa wazi lote: kitanda cha chuma cha zahanati, cha kuzalia, kikiwa kimesimamishwa wima na miguu yake yote minne.

 Akapanda juu, mikono imetoka malengelenge, na kuelekea kwenye baraza akiwa na maneno makali yaliyojaa mdomo mzima.

Mkunga alimpokea kwa machozi.

"Mwanangu, afadhali umekuja. Nimesoma tena ile karatasi, nikakumbuka. Pale mume wangu alizika sarafu ya fedha ya babu yake. Ndiyo kumbukumbu pekee aliyoniachia. Wewe pembe ni yako, sina neno. Lakini ukiiona sarafu, nirudishie. Naapa ni kitu cha thamani sana, sonara wa mjini aliwahi kunibembeleza nimuuzie."

Maneno makali yakameng'enyuka. Mhandisi akapapasa mfukoni: upande mmoja sarafu nyeupe, upande mwingine moja kati ya zile mbili za shaba ambazo Mzani hakuzifikia. Macho ya mama, alijua, hayaoni vizuri.

"Nimeiona, mama," alisema kwa upole, akamfumbatisha mfalme mwenye pua. "Chukua. Mimi si mtu wa kula kumbukumbu za watu."

"Mungu akubariki. Na hilo shimo usilifukie. Nitalitazama."

Alitoka pale kwa mwendo wa heshima hadi kwenye uzio, halafu akatimua mbio. Alicheka njia nzima. Kitanda kilikuwa hasara, sawa, lakini kikongwe mwenyewe amekiri bei! Aliingia kwa sonara bila kupiga hodi na kuitupa sarafu juu ya kioo.

Sonara, mtu mkavu mwenye lenzi jichoni, aliigeuza mara moja tu.

"Risasi," alisema. "Imepakwa fedha juu juu."

"Angalia vizuri, bwana. Ni ya miaka mia mbili!"

"Ni ya mwezi wa tatu. Nimeitengeneza mimi. Kuna mkunga mstaafu huagiza kumi kumi." Akavua lenzi, akamtazama mteja wake kwa mara ya kwanza: tope, malengelenge, suruali iliyochanika gotini. Sura yake ikalainika. "Pole, ndugu yangu. Wa kwanza alimchimbia kisima. Wa pili na wa tatu, msingi wa nyumba. Wewe umemchimbia nini?"



"Shimo la kufika shingoni."

"Aa," sonara akatikisa kichwa kwa kuelewa. "Alisema anataka choo."