Ngisi wa Pinki Mbele ya Shangazi

Wenzangu wa mshipi, leo nimepatikana. Tena nimepatikana mchana kweupe, mbele ya mtu niliyetakiwa kumpendeza kuliko mtu mwingine yeyote hapa mjini.

Mnisamehe nikikosea maandishi, naandika haraka. Niko intaneti kafe ya Mtaa wa Msimbazi na mwenye kafe anapita nyuma yangu akiangalia saa.

Mnanijua. Mimi ndiye Jabiri, muuza mapazia wa Kariakoo, yule ninayewaambia humu jukwaani kila wiki kwamba chambo cha plastiki cha dukani ni wizi mtupu. Chambo laini, kinachotingisha mkia majini kama kiumbe hai, mtu anaweza kukipika mwenyewe uani kwake. Mkanibishia. Mkasema siwezi. (Mlikuwa sahihi, lakini si kwa sababu mliyoitaja.)

Kazi yote iko kwenye kuchagua malighafi. Hapo nasimama kidete hata baada ya yaliyonikuta leo. Nilianza na kandambili. Kandambili haiyeyuki vizuri, inaungua tu, na moshi wake uliwatoa wapangaji wote nje wakidhani nyumba inawaka. Nikahamia jelatini ya kupikia. Nikapata kamba wazuri, wanang'aa, nikawaacha dirishani. Joto la Dar likawarudisha uji, paka wa jirani akalamba sahani yote. Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi kununua silikoni. Mwenye duka, mzee wa Kihindi anayenifahamu siku nyingi, akaniuliza dirisha langu lina ukubwa gani. Nikamwambia si dirisha, ni samaki. Akaniangalia sana. Silikoni ikagandia kwenye kalibu yangu ya plasta, ile yenye umbo la ngisi, na mpaka leo havijaachana.

Ndipo nikapata jibu: viatu vya plastiki laini! Vile vya kike, vinavyopitisha mwanga na kukunjika mkononi, vilivyojaa mjini tangu biashara ilipofunguliwa na kila mtu akawa na ndugu wa kumletea kitu kutoka Dubai. Ukivikata vipande vidogo, ukaviyeyusha kwa moto mdogo kwenye sufuria ambayo haitapikiwa chakula tena, pua umeifunga kitambaa, vinakuwa kama asali. Unatia chumvi kidogo. Unamimina kwenye kalibu. Ngisi huyo!

Sasa, leo haikuwa siku ya kawaida. Posa yangu kwa Zuhura imeshapelekwa, na kwao hakuna neno linalopita bila shangazi yake wa Magomeni. Baba yake mwenyewe ukimuuliza anasema, "Msikilizeni dada." Leo shangazi alikuwa anakuja kuona ninapoishi, baada ya alasiri. Akiridhika, wazee wangu wanaitwa. Asiporidhika, basi tena.

Zuhura alinionya jana. "Jabiri, ficha hayo masufuria yako. Vaa kanzu. Na tafadhali, usiongee habari za samaki."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, anamjua mwanaume aliyenaye. (Na kweli anamjua. Ndiyo maana alinionya.)

Mtu mwenye akili angeamka, akafagia chumba, akakaa kusubiri. Mimi nikaona mchana mzima unapotea bure. Mama Shani, mpangaji wa chumba cha mbele, alikuwa ameniahidi jozi ya viatu vya bintiye vilivyochoka. "Nitakuwekea mlangoni kwako," alisema. Mvua ya masika ilinyesha asubuhi yote, mtaa ukawa tope tupu. Ilipokatika nikawasha jiko uani, nimevaa msuli na singlendi, nikapita ukumbini kwenda kuangalia kama mzigo wangu umefika.

Sikufika hata kwangu. Mlangoni kwa Mama Shani palikuwa na jozi imekaa inanisubiri. Pinki! Inapitisha mwanga! Ndani ya plastiki kuna vimetameta, na juu ya kila kiatu kuna ua dogo la shanga za rangi ya dhahabu. Nikawaza, maskini Mama Shani, kaviacha hapa kwa kusahau, ana mambo mengi. Nikakibonyeza kimoja kwa kidole gumba kama mtu anayechagua embe sokoni. Laini kupita maelezo.

Nikavikata vyote. Sikubakisha kisigino wala soli iliyoandikwa namba arobaini na moja.

Nikiwa nakoroga, Mama Shani akatokea mlango wa uani, ananiita kwa kunong'ona.

"Jabiri! We Jabiri! Kuna..."

"Mama Shani, usinisemeshe! Plastiki inaiva!"

"Nakwambia kuna mgeni..."

"Mwambie duka limefungwa leo! Nikigeuka tu, hii inaungua!"

Akanitazama mimi, akatazama moshi, akatazama tundu kwenye singlendi yangu. Akatikisa kichwa, akarudi ndani na kuufunga mlango. Mimi nikaendelea na kazi zangu kwa raha zote. Ngisi walitoka, wenzangu! Mikia myembamba, inatikisika ukiipulizia tu. Zile shanga za dhahabu nilizozing'oa kabla ya kukata, nikazipachika macho. Nilikaa nikiwatazama nikajisikia fundi.

Nikaoga. Nikavaa kanzu. Nikatoa makubazi yangu mapya niliyonunua kwa ajili ya siku hii. Natoka chumbani, namkuta mama mmoja wa makamo, mwenye mwili wake na sauti yake, ameketi ukumbini kwenye mkeka, buibui imemkaa vizuri, miguu ameikunja. Ni shangazi! Alikuwa ameogopa mvua isimrudie njiani, akaja mapema, na Mama Shani akamkaribisha chumbani kwake aswali adhuhuri na kujipumzisha.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo kabisa."

Tukaenda vizuri. Akaniuliza kazi, nikajibu. Akaniuliza kwetu, nikajibu. Akauliza kama naswali, Mama Shani akanijibia kabla sijafungua mdomo. Uso wa shangazi ukalegea. Nikaona kabisa wazee wangu wakipanda gari kuja.

Kisha akanusa hewa. "Nimesikia harufu ya kitu kikiungua tangu nilipofika. Kulikuwa na nini?"

Zuhura alisema nisiongee habari za samaki. Lakini nimeulizwa! Ningefanyaje? Nikaenda uani, nikarudi na sinia la ngisi, nikaliweka mbele yake kama mtu anayeleta pilau.

Akamnyanyua mmoja, akamtingisha mkia. Akatabasamu. "Umetengeneza mwenyewe?"

"Mwenyewe, shangazi. Ni chambo cha samaki."

"Mashallah. Kwa kitu gani?"

Hapo ningejibu "plastiki tu" na leo ningekuwa mchumba wa watu. Lakini mtu akiniuliza malighafi sijui kujizuia.

"Siri yote ni kuchagua kiatu, shangazi. Kipya hakifai, kigumu. Kinatakiwa kilichokanyagwa muda mrefu. Tena kikanyagwe na mtu mzito, ule uzito ndio unakikanda. Hivi vya leo, aliyevivaa hakuwa mtu wa mchezo. Mguse, shangazi! Ona alivyolegea!"

Mama Shani alikuwa anakuja na chai. Aliangalia lile sinia la ngisi, akaweka birika chini polepole.

Shangazi akamgeuza ngisi, akamtazama usoni. Ngisi naye akamtazama kwa macho yake ya dhahabu.

"Shanga hizi," akasema, "nimezitunga mwenyewe."

Nikacheka. (Ndiyo, nilicheka. Nilidhani ananitania.)

"Nilizitunga Ramadhani, nikisubiri kufuturu. Kwenye viatu alivyoniletea mwanangu kutoka Dubai. Kwa hili tope la leo nikasema nivae hivyo hivyo vya plastiki, nitavisafisha. Nikavivua pale mlangoni kwa huyu mama, nikaingia kuswali."

Sote tukageuka kutazama mlangoni kwa Mama Shani. Palikuwa na alama mbili za tope, zimekaa sambamba, vizuri kabisa. Viatu hakuna.

"Vya Shani nimeviweka mlangoni kwako, Jabiri," akasema Mama Shani kwa sauti ndogo. "Nyuma ya ndoo."

Wenzangu, nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kanzu yangu. Shangazi akamrudisha ngisi kwenye sinia, akanyoosha buibui yake.

"Kwa hiyo mimi ni mzito."

"Hapana, shangazi."

"Nimelegea."

"Kiatu, shangazi! Kilicholegea ni kiatu!"

Mama Shani akakimbilia uani. Nilimsikia huko akicheka mpaka anakohoa. Shangazi yeye hakucheka. Alivuta sinia kwake na kuanza kuwagawa ngisi wangu mafungu mawili, kama wafanyavyo wauza samaki wa Feri kwenye mnada.

"Hawa ni kiatu changu cha kulia. Naondoka nao. Hawa ni cha kushoto, nakuachia. Jumapili nenda kavue nao. Ukiniletea samaki mrefu kuliko unyayo wangu, wazee wako waje. Ukirudi mikono mitupu, usije wewe wala wao."

"Sawa, shangazi."

"Sasa mimi naenda na nini nyumbani?"

Nikavua makubazi yangu mapya.

Akayavaa. Yalimpwaya mbele na nyuma. Akatoka nje, mfuko wa ngisi mkononi, akashika njia katikati ya mtaa kwa kishindo, pwata, pwata, pwata. Kariakoo mnaijua, haikosi mtu wa kusema neno. Mchukuzi mmoja akasimamisha mkokoteni wake kabisa.

"Bi mkubwa, hicho kiatu au mtumbwi?"

Shangazi hakusimama. Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Muulize yule mwenye kanzu."

Mtaa mzima ukageuka. Na mwenye kanzu ndiye mimi, nimesimama mlangoni peku, kwenye tope, nimeshika ngisi wa pinki.

Zuhura ameshanitumia ujumbe: "Shangazi ameingia na viatu vyako. Umefanya nini?" Nimekimbilia kwanza huku kwenu.

Lakini sijakata tamaa, msinifahamu vibaya. Ile ndiyo plastiki bora kuliko zote nilizowahi kushika, na Jumapili alfajiri niko kwenye mawe ya Kivukoni na ngisi wa mguu wa kushoto. Naomba tu msicheke. Mnajua wenyewe pale huwa tunatoa vichangu vya ukubwa wa kiganja, basi anayetaka kucheka aniambie kwanza: kolekole namba arobaini na moja anapatikana upande gani?