Joto la Papa Sebarenzi

Jumatatu, 6 Julai 2020. Kirolirwe.
Zoni ya afya imenipa mgonjwa wa korona anayejitenga nyumbani: Papa Sebarenzi, mfugaji wa kule kilimani. Mjumbe wa afya atakayeleta vipimo vya kila siku atazawadiwa buti za mvua. Mwenzangu Solange anapanda kwa wagonjwa wake kwa miguu. Maskini! Mimi nimempa muuza maziwa kipimajoto ampelekee Sebarenzi. Atapima, atanipigia, nitaandika.

Jumanne, 7 Julai.
Amepiga. 38,7. Homa! Nimeandika kwa wino mwekundu. Nikauliza habari ya chakula. Akasema chakula ni kizuri, majani mabichi tu. Nimeandika: mgonjwa anapenda mboga.

Alhamisi, 9 Julai.
38,8. Amekohoa hadi sikio langu likauma. Analalamika maziwa yamepungua. Nimemshauri anywe chai. Solange ameuliza kama nimemwona mgonjwa kwa macho. Wivu wa buti huo.

Ijumaa, 10 Julai.
Muuguzi Anastasie ameona wino wangu mwekundu, akakodi pikipiki mbili na kunilazimisha kwenda naye. Tumemkuta Sebarenzi zizini, anatweta, jasho linamtoka. Kipimajoto kiko chini ya mkia wa ng'ombe.

Anastasie akauliza maana yake nini.

“Huyu ng'ombe njo iko na mimba, dada. Akikufa, batoto batakula nini? Mimi niko na kikohozi tu.”

Anastasie akasema 38,8 ni joto la ng'ombe mzima kabisa. Kisha akampima mwenye ng'ombe kwa kipimajoto chake mwenyewe: 39,6. Pumzi karibu haipo. Wamempeleka hospitali kwa pikipiki, katikati ya dereva na mkwe wa mzee, Anastasie nyuma yao kwa pikipiki ya pili, bila kunisubiri. Mimi nimeshuka kwa miguu, na sandali moja imebaki kwenye matope. Niliogopa mzee atakufa. Niliogopa kweli.

Jumatano, 15 Julai.
Sebarenzi anapumua vizuri! Daktari amesema siku moja zaidi na tungemzika. Buti amepewa Solange. Dhuluma! Nani aliyeleta namba zilizomwokoa mtu? Mimi na ng'ombe.

Zoni imenipa mgonjwa mpya, Mama Généreuse, maana hawana mjumbe mwingine. Nimeuliza: hana ng'ombe. Ana nguruwe. Nimemtumia kipimajoto kile kile kupitia muuza maziwa, na maagizo: nguruwe apimwe asubuhi na jioni. Nangoja simu hapa kitandani.