Niliombewa Mgongo Kwenye Kituo cha Majani Chai

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjaletewa video: leo nimeaibika, na ni masomo yamenifanyia hivi.

Mnajua nasomea design. (Mama bado huambia watu nasomea kuchora.) Muhula huu mimi na Wanjiru, ambaye anasomea unesi, tumepewa kazi moja: tubuni benchi la wazee wanaongojea lori kwenye kituo cha kununulia majani chai. Wengi wao hukaa kwa mawe. Tulipeleka michoro kumi hivi, mwalimu akaikataa yote.

"Hamjafanya utafiti," akasema. "Nendeni kwanza mjue mtu mzee anasikiaje akikaa."

Basi Wanjiru akanizeesha. Mifuko ya mchanga ikafungwa miguuni, ndani ya suruali. Ubao mgongoni. Mkanda kutoka shingoni mpaka kiunoni, ukanivuta nikapinda. Pamba masikioni. Miwani iliyopakwa mafuta ya kukamulia ng'ombe. Juu yake koti na kofia ya babu yangu, na maski, ili sura isinisaliti.

Tukaenda kituo kimoja karibu na Kaplong. Nilitembea polepole. (Sikuwa naigiza, mchanga ni mzito.) Tulipofika, Wanjiru akasema, "Tukikaa pamoja watatushtukia." Akaniacha hapo, akavuka barabara kununua mahindi ya kuchoma.

Mzee wa kweli, mwenye fimbo, akaniona nikiyumba. Akainuka, akanipa jiwe lake. Hapo ningesema ukweli. Nikakaa.

Mama mmoja akaniinamia, akauliza kitu. Kwa zile pamba nilisikia mwisho tu: "...ako wapi?" Nikadhani anamuulizia Wanjiru.

"Ameniacha hapa akaenda kununua mahindi," nikajibu.

Kumbe swali lilikuwa, mtoto wako ako wapi.

Yule mama akageukia wenzake, akapaza sauti. "Mmesikia? Kijana amemtupa baba yake hapa, ameenda kula mahindi."

Akina mama wakaacha magunia yao, wakanizunguka. Nikaona mikono tu, kupitia ukungu wa mafuta. Mmoja akashika mabega, mwingine kichwa, na yule wa kwanza akaniwekea mkono mgongoni.

"Jameni, mgongo umekauka kama mbao."

"Ni mbao," nikasema. Lakini maombi yalikuwa yameshaanza.

Waliomba kwa nguvu. Walinitikisa. Waliponitikisa mara ya pili mkanda ukakatika, nikajikuta nimesimama wima kama mlingoti. Kofia ikaanguka, miwani na pamba zikafuata.

Mikono yote ikaniachia. Kisha mtu akasema kwa sauti ndogo, "Amesimama." Akina mama wawili wakaanza kulia. Karani wa mizani akatoa simu, akaanza kurekodi.

Ukweli ni kwamba ningenyamaza nikaenda zangu. Lakini yule mzee wa fimbo alikuwa amekuja mbele, amekunja suruali mpaka juu.

"Na mimi," akasema. "Hili goti la kushoto."

Nyuma yake wazee wengine walikuwa wanapanga laini.

Nikatoa maski. "Samahani. Mimi si mzee. Ni utafiti wa chuo."

"Unasomea nini?" mama wa kwanza akauliza.

"Design."

"Design ya kudanganya watu?"

Kisha akanitazama vizuri, na mimi nikamtazama bila miwani. Alikuwa mama aliyenifundisha Sunday school.

"Kiprotich?"

Akampigia mama yangu simu hapo hapo, kwa sauti ya nje. "Kijana wako ako hapa kituoni. Amevaa koti la babu yake tumwombee."

Halafu mama akasema, "Mimi nililipa fees ya kuchora."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee wa fimbo hakucheka. Alikunjua suruali taratibu, akaniuliza, "Sasa goti langu libaki hivyo?" Nikambebea gunia lake mpaka kwa mizani, mchanga bado miguuni, ubao bado mgongoni. Wanjiru akarudi na mahindi laini aliyonitafutia, akakuta nimezeeka kweli.

Shida ni kwamba mmoja wa wale mama alikuwa ameshampigia pasta kumweleza muujiza. Jumapili natakiwa kusimama mbele ya kanisa niseme niliponywa nini. Nimefikiria jioni yote, na jibu pekee lisilo la uongo ni uzee. Tafadhalini, mkija, kaeni nyuma na msinitazame.