Fuwele za Nereida na Chafya ya Komadre

Jumatatu, 7 Julai

Nimepigwa marufuku maabara! Kisa eti Jumamosi niliwapeleka majirani sita na sufuria la kamba wa kukaanga, wamwone binti yangu Nereida kazini. Mkuu wake kanuna. Kamba lakini alikula.

Jioni Nereida kaniletea kisahani cha plastiki chenye vishimo na matone. Kasema mama, hizi ni fuwele, zilinde chumbani kwako penye ubaridi. Usiguse, usitikise. Alhamisi zinasafiri kupigwa eksirei. Digrii yake yote ya uzamivu imo humo, na kamwachia nani? Mimi!

Jumanne, 8 Julai

Sayansi yote nimeielewa. Ndani ya nyama ya kamba mna kimeng'enya, ndicho kinachompa nguvu ya kurusha mkia. Kina mfuko. Chakula chake kikiingia, kinafumba kama kiganja kilichokamata chapati ya tortila. Eksirei itaonyesha kila kidole kimekaa wapi.

Komadre Obdulia, aliyemsimamia Nereida ubatizo, kaja kunikumbusha kwa mara ya mia kwamba mwanawe Heriberto ni daktari wa meno kule Tucson, Marekani. Nikamwambia meno hata mbwa anayo. Akauliza, komadre, mtoto bado anasomea kamba? Si ungemfundisha tu kumenya?

Kumenya! Kesho ataona.

Jumatano, 9 Julai

Sikugusa. Nilimwonyesha tu. Obdulia kavaa miwani, kainama, kasema haoni kitu, labda vumbi. Basi nikainua kisahani dirishani. Kidogo tu! Akapiga chafya. Mama wee, chafya gani ile! Kisahani chini, digrii ya mwanangu inaingia kwenye nyufa za vigae.

Nililia. Obdulia naye akalia, jambo sijapata kuona.

Kisha akili ikarudi. Maji moto, chumvi ya jikoni, kichupa cha dawa ya macho cha kudondoshea. Vishimo vyote ishirini na vinne nimevijaza. Obdulia kaapa kwa Bikira kwamba hatasema.

Alhamisi, 10 Julai

Zimeota! Za pembe nne, zinang'aa! Nereida kaja, kachungulia kwa lenzi yake, kachungulia tena. Nikashindwa kuvumilia. Nikapiga magoti, nikamwambia nimekumaliza mwanangu, hicho kiganja hakitafumba tena.

Kacheka mpaka kakaa sakafuni. Fuwele za kweli zilipanda ndege Jumapili! Hiki alinipa nipate shughuli, nisirudi maabara. Ndani alitia nini? Chumvi. Ila kakiri mwenyewe: zangu zimekua kubwa kuliko zake.

Ijumaa, 11 Julai

Picha za eksirei zimefika. Mfuko umefumba, chakula kimo ndani, Nereida atakuwa daktari. Nimelia tena. Sawa.

Lakini kubwa kuliko zake! Na sikusoma hata mwaka mmoja wa sekondari! Mwanangu kipaji alikitoa wapi, kama si kwangu? Obdulia kakubali kuwa msaidizi wangu, mradi asipige chafya. Saa nne tutakuwa mlangoni kwa yule mkuu na kilo mbili za chumvi. Tutaanza kumfundisha kuotesha, taratibu.