Tumbili Asiyeuzika

Wakulima wa nyanya kule Loitokitok walimwona tumbili mdogo amenaswa kwenye wavu wa shamba, wakaona mwizi. Ngigi, aliyekuwa amepita hapo kuuza dawa ya kufukuza ndege ambayo ilikuwa maji na rangi ya chakula, alimtazama tumbili huyo huyo akaona biashara. Hakujua bado mteja ni nani. Alijua tu kwamba yuko Kitengela, maana kitu kisicho na kazi hununuliwa Kitengela kwanza.

Nasema hivyo kwa upendo, kwa kuwa mimi ni wa hapa. Sisi ndio tulionunua ploti kwa kuonyeshwa picha kwenye simu, tukachimba visima vya maji ya chumvi, tukajenga geti kabla ya nyumba. Jirani akileta tausi, hatupati usingizi mpaka tuulizie bei ya mbuni. Tumbili alipofika mjini, mimi pia niliuliza bei.

"Unataka ngapi?" Ngigi alimuuliza Lemein, mwenye shamba.

"Mchukue bure," Lemein akasema. "Lakini ukimchukua, usirudi naye."

Mwenye akili angejiuliza kwa nini mtu wa sokoni anatoa kitu bure. Ngigi hakuwa na nafasi ya kujiuliza, alikuwa anatafuta jina. Akamwita tumbili Mheshimiwa, kwa sababu alikula asichopanda na hakuona haya.

Mpango ulikuwa mwepesi. Ngigi alimuuza Mheshimiwa kwa mtu mwenye geti kubwa na majirani wa kuwatambia. Siku mbili tatu zikipita, mwenzake Mwololo alibisha hodi akiwa na jaketi la kijani la mitumba, bereti na gambuti, zile buti za mpira, akanguruma kwamba mnyama wa porini ni mali ya serikali na kumfuga nyumbani bila kibali ni kosa. Hapo hakudanganya, ni kosa kweli. Mwenye nyumba alitetemeka, akatoa kitu kidogo, akamkabidhi tumbili, na kwa aibu hakumwambia mtu. Jioni Mheshimiwa alikuwa kwa Ngigi, tayari kuuzwa upya.

Sasa ukitaka kujua kama tumbili anafaa kufugwa nyumbani, Ngigi alikuwa na majibu mawili. La wateja lilisema tumbili ni mtoto asiyedai karo. La pili hakulitoa kwa mtu, kwa kuwa lilikuwa limeandikwa ukutani mwake kwa ugali. Mheshimiwa alikuwa amejifunza kufungua komeo, kopo la mafuta na mfuko wa unga. Alipaka mafuta godoro. Alimwibia mama mwenye nyumba nguo za ndani akazitundika juu ya antena, na Ngigi ndiye aliyefukuzwa, akatafuta nyumba nyingine. Kila asubuhi alimkalia Ngigi kichwani akimtafuta chawa, kwa uso wa huruma, na alipowakosa alimzaba kofi. Katika mji mzima uliojaa wajinga walionunua tumbili, mtu mmoja tu alikuwa anaishi naye, naye ni yule mjanja.

Yote hayo Ngigi angeyavumilia kama si Rahab, msusi wa Embulbul. Ngigi alikuwa amemdanganya Rahab kuhusu kazi, kuhusu umri na kuhusu gari, lakini kumpenda alimpenda kweli, mpaka jambo lenyewe lilimtia hofu.

"Wazazi wangu wanakuja Jumamosi kuona itara," Rahab alimwambia. Kwa Wakikuyu hiyo ni ziara ya wakwe kuja kuangalia binti yao atalala wapi na atapikia nini. "Babangu akikuta hiyo kitu kwa nyumba, mimi na wewe tumemalizana."

"Jumamosi ikifika tumbili atakuwa ametoka," Ngigi akasema.

"Kwa Mungu?"

"Kwa Mungu."

Basi kwa mara ya kwanza katika maisha yake Ngigi akaamua kufanya biashara halali: amuuze Mheshimiwa, na auzike. Alimchagua Phylis, ambaye majirani walimwita Mama Mbithi, mjane aliyestaafu uuguzi na kujenga upande wa nyasi ndefu. Huko nyoka ni wengi, na Ngigi alikwenda na hilo mdomoni.

"Mama Mbithi, huyu akiona nyoka analia sauti yake, akiona tai analia ingine. Mbwa hawezi hiyo."

Phylis alimkagua Mheshimiwa, Mheshimiwa naye akamkagua yeye. "Kwetu Kibwezi nimekua nikiwafukuza hawa na mawe kwa mahindi. Leo nimlipie?"

"Kule alikuwa mwizi, mama. Huku unampatia kazi. Mwizi akiwa ndiye askari, nani atakuibia?"

Phylis alicheka mpaka akafuta macho, na anayecheka huku akitafuta pochi ameshanunua. Ngigi alitoka getini mwepesi, akampigia Mwololo. "Hii ni ya mwisho. Usiende kumchukua. Umesikia?"

"Nimesikia," Mwololo akasema.

Kusikia alisikia. Lakini jaketi lilikuwa limeshapigwa pasi, na mazoea yana taabu. Alhamisi mchana Ngigi akapokea simu.

"Buda, kuja haraka," Mwololo alinong'ona. "Niko kwa yule mama."

"Si nilikwambia usiende!"

"Kuja tu. Wamenipatia chai."

Ngigi alielewa uzito wa jambo. Mtu akishapewa chai hawezi kuondoka mpaka wenyeji waseme yao yote.

Ilikuwa hivi. Mwololo alinguruma kama kawaida, ila Phylis hakutetemeka. Aliuliza tu, "Kwa hivyo wanyama wote wa porini ni wa serikali?"

"Wote, mama."

"Hata fisi?"

"Hata fisi."

"Hata simba wa hapo parki?"

"Mama, nimesema wote."

Phylis akaenda kwenye ua, akaita kwa sauti ya wodini. "Mzee Saning'o! Kuja! Mwenye fisi amefika!"

Hapa kaunti ya Kajiado kila mtu amewahi kuliwa kitu na mnyama wa porini, na kila mtu anangoja fidia. Watu hupeleka picha za mizoga, huambiwa wangoje, na wao hungoja. Leo mwenye wanyama alikuwa amejileta mwenyewe, kwa gambuti. Ngigi alipofika alimkuta Mwololo ameketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya ua, kikombe mkononi, na kijiji kizima kimemzunguka kwa heshima. Mzee Saning'o alikuwa mbele na rungu lake magotini.

"Sopa," mzee alimsalimu kwa Kimaasai, na Mwololo akaitikia "Ipa" kwa sauti ya mgonjwa. "Sasa kijana. Ng'ombe yangu ikikula mahindi ya huyu mama, mimi nalipa. Fisi yako imekula mbuzi yangu. Nani analipa?"

"Mzee, hiyo inaenda na utaratibu."

"Na mimi punda wenu walivunja fensi," akasema Gitonga wa kuuza maji. "Wale wa mistari. Utaratibu wao ulikuwa gani?"

Ngigi alijaribu kurudi kinyumenyume, lakini Phylis alishamwona. "Afisa, huyo ndiye aliniuzia! Mshike!"

Wote wakamgeukia Mwololo kuona serikali ikifanya kazi. Mwololo akainuka na, kwa adabu ambayo hakuwahi kumwonyesha rafiki yake tangu wajuane, akamkamata.

"Kwanza amrudishie mama pesa yake," Saning'o akasema. Ngigi akarudisha. "Na serikali inipatie kitu kidogo ya kuanzia mbuzi." Mwololo akapekua mifuko, na ya kuanzia mbuzi ikatoka yote.

Hapo ndipo Ngigi alipoona shimo lilivyokwenda chini. Phylis alikuwa anamfungua Mheshimiwa kamba ili ampeleke kwa serikali.

"Mama, wewe kaa naye tu," Ngigi akasema, na sauti yake ilikuwa na machozi ya kweli. "Huyu tumbili anakupenda."

"Si afisa amesema ni kosa?"

Ngigi alimtazama Mwololo. Mwololo alitazama gambuti. Kusema si kosa kungekuwa uongo, na pia kungekuwa kusema afisa si afisa, mbele ya rungu la Mzee Saning'o. Ngigi, aliyewahi kumuuzia mhubiri maji ya bomba kama maji ya Yordani, safari hii alinyoosha mikono apokee mzigo wake. Mheshimiwa akamrukia kichwani, akaanza kumtafuta chawa.

"Mnampeleka Kajiado mjini, kortini, si ndio?" Phylis akauliza. "Kesho nitakuja kuona kesi."

"Karibu sana, mama," Mwololo akasema, na usiku huo huo akapanda basi la kwenda kwao Mwingi.

Ijumaa Ngigi alizunguka Kitengela yote akimgawa Mheshimiwa bure. Hakuna aliyemtaka. Habari zilikuwa zimeenea kwamba ukifuga tumbili serikali inakuja, na wale aliowauzia zamani, ambao aibu iliwafunga mdomo, sasa walikuwa wanasimulia kwa mdomo mpana. Alichowaogopesha nacho watu kilikuwa kimewakaa vizuri. Alifikiria kumrudisha Loitokitok, akakumbuka maneno ya Lemein.

Jumamosi, basi, alimfungia Mheshimiwa bafuni na mkungu mzima wa ndizi, akapaka ukuta rangi, akavaa koti. Wageni wakafika: Mzee Kiragu, babake Rahab, amevaa kofia ya sherehe, pamoja na mkewe na mashangazi wawili waliofungua kila sufuria. Mambo yalikwenda vizuri kiasi kwamba Ngigi alianza kujiamini, na hapo ndipo hodi ilipopigwa.

Mlangoni alisimama kijana wa jaketi la kijani.

Ngigi alitabasamu. Kumbe Mwololo amempata mwanafunzi, na mwanafunzi amekosea mlango. Alimvuta pembeni, pembeni ya Kitengela ambayo ni hatua moja kutoka sebuleni.

"Ndugu, hapa ni kwa mwalimu," akasema. "Na umevaa vibaya. Hivyo viatu vinang'aa, nani ataogopa? Sisi tunavaa gambuti. Na ficha hicho kitambulisho, mtu akiona kitambulisho anatulia. Unaanza na kelele."

"Sawa," kijana akasema polepole. "Halafu?"

"Halafu unasema mali ya serikali. Anakupatia kitu, unachukua tumbili, jioni unaniletea, namuuza tena. Hii kazi ni mimi niliianzisha."

"Mmeifanya mara ngapi?"

"Mpaka geti zingine nimesahau."

Mlango wa gari ulifunguka nje na Phylis akateremka taratibu, akishikilia kiuno. Alikuwa amekwenda Kajiado kuona kesi kama alivyoahidi, akaambiwa hakuna kesi, hakuna tumbili, na afisa wa aina hiyo hayupo. Akarudi na afisa wa kweli, na kuuliza nyumba ya mtu wa tumbili hakukumchukua muda.

"Bwana Ngigi," akasema, "huyu naye amevaa vibaya?"

Hapo hapo komeo la bafuni lilisikika likifunguka, na Mheshimiwa akatoka, akapita katikati ya mashangazi, akapanda mabegani mwa Mzee Kiragu, akamvua kofia ya sherehe na kuanza kumtafuta chawa. Mzee hakusogea. Alimtazama Rahab tu, na Rahab akatazama sakafu.

Tumbili aliwekwa nyuma ya gari ndani ya kizimba. Ngigi aliwekwa nyuma pia, upande wa pili wa waya, na Mheshimiwa akapitisha mkono kumshika sikio kama watu waliozoeana. Rahab alikuwa amesimama mlangoni. Ngigi alimwona, akaumia moyo kuliko alivyowahi kuumia kwa hasara yoyote, na kwa kuwa mdomo wake haukujua kazi nyingine, akajaribu mara ya mwisho.

"Rahab, si nilikwambia leo tumbili atatoka?"

"Ulisema mmoja," Rahab akasema, akafunga mlango.